Wapita njia wa angani: Viumbe wa pembeni waliobeba katuni ya Valérian

MSOMAJI anayefungua kwa haraka kitabu cha katuni cha Kifaransa kiitwacho L'Ambassadeur des Ombres, yaani Balozi wa Vivuli, kilichochapishwa mwaka 1975, huyatupa macho yake kwanza kwa mashujaa wawili: kijana wa kiume aitwaye Valérian na mwenzake wa kike aitwaye Laureline. Lakini akirudi kuutazama ukurasa mara ya pili hugundua kwamba mashujaa hao wamezungukwa na umati. Wamo wenye midomo mirefu mfano wa mkonga, wenye magamba, wasio na uso, wanaotembea wima na wanaotambaa. Wengi wao hawasemi neno hata moja. Wanapita tu.

Umati huo wa nyuma ndio ulioipa katuni ya Valérian nafasi ya pekee katika historia ya hadithi za kubuni za kisayansi barani Ulaya. Ndio pia uliozua mjadala mrefu kuhusu nani aliyeiga kazi ya nani kati ya wachoraji wa Paris na watengenezaji wa filamu wa Marekani. Ili kuuelewa mjadala huo, ni lazima kwanza kufahamu viumbe wale walichorwa kwa kazi gani.

Marafiki wawili na jarida moja

Valérian ilianza kuchapishwa Novemba 9, 1967 katika Pilote, jarida la katuni lililokuwa likihaririwa na René Goscinny, yule aliyeandika hadithi za Astérix. Mwandishi wa Valérian alikuwa Pierre Christin na mchoraji alikuwa Jean-Claude Mézières, wote wawili wazaliwa wa mwaka 1938. Rangi ziliwekwa na Évelyne Tranlé, dada wa Mézières.

Wawili hao walifahamiana tangu utotoni. Katikati ya miaka ya 1960 walikutana tena nchini Marekani, katika jimbo la Utah. Christin alikuwa akifundisha chuo kikuu, na Mézières, aliyekuwa na ndoto ya kuiona Marekani ya wachunga ng'ombe, alipata kazi katika ranchi. Waliporejea Ufaransa, Christin alishiriki kuanzisha mafunzo ya uandishi wa habari mjini Bordeaux. Jicho hilo la mwandishi wa habari, lenye kupenda kujua nani ana mamlaka, nani analipa na nani anaumia, lilijitokeza wazi katika hadithi zake za angani.

Valérian mwenyewe ni askari wa karne ya 28. Kazi yake ni kusafiri katika anga na katika wakati kulinda maslahi ya Galaxity, mji mkuu wa Dunia. Kwa msingi huo, hadithi ingeweza kuwa ya kawaida kabisa: shujaa wa Dunia akitua katika sayari za kigeni, akipigana na majitu na kurudi nyumbani na ushindi. Ndivyo zilivyokuwa hadithi nyingi za aina hiyo kabla yake. Mgeni wa angani alikuwa adui, au mapambo.

Christin na Mézières waliifuata njia hiyo katika kurasa chache tu za mwanzo. Baada ya hapo waliigeuza.

Kituo ambacho Dunia si mwenyeji

Mageuzi hayo yanaonekana vizuri zaidi katika Balozi wa Vivuli, kitabu cha sita katika mfululizo. Hadithi inafanyika katika Kituo cha Kati, jengo kubwa mno linaloelea angani kwenye makutano ya njia za vyombo vya safari. Kituo hicho hakikujengwa na taifa moja. Kila jamii iliyofika iliongeza sehemu yake, yenye hewa yake, joto lake na mila zake, mpaka kikawa mfano wa mji uliokua kiholela, kila mtaa na wenyewe.

Katika mji huo, Dunia ni mgeni kama wengine. Zamu yake ya kuongoza baraza imefika, na balozi wake anawasili akiwa na mpango wa siri wa kuzilazimisha jamii nyingine kuingia katika shirikisho linaloongozwa na Dunia, huku kundi la manowari za angani likiwa tayari kumuunga mkono. Kabla hajatamka neno, anatekwa nyara. Valérian naye anachukuliwa pamoja naye. Kazi yote ya kumtafuta balozi inabaki mikononi mwa Laureline, ambaye analazimika kuzunguka mtaa baada ya mtaa akiuliza, akilipa na kubembeleza.

Hapa ndipo viumbe wa pembeni wanapopata uzito. Laureline hawezi kupiga hatua bila wao. Kila jamii anayoikuta ina jambo inalolijua, jambo inalolitaka na jambo inaloliogopa. Kiumbe aliyeonekana katika kisanduku kimoja kama pambo la ukutani, katika kisanduku kinachofuata huwa ndiye mwenye ufunguo wa mlango. Mchoraji anamfundisha msomaji, bila kumhubiria, kwamba katika mji wa watu wengi hakuna mtu wa bure.

Mwisho wa hadithi mpango wa balozi unavunjika, na siri inayofichuka ni kwamba miongoni mwa waasisi wa kituo hicho walikuwamo Vivuli, jamii ambayo karibu kila mtu alikuwa amekwisha kuisahau. Wenye neno kubwa kuliko wote walikuwa ni wale wasioonekana.

Madalali watatu wa habari

Kati ya viumbe wote wa Mézières, hakuna waliopendwa kama Shingouz. Ni viumbe wafupi wenye umbo linalokaribia la ndege, mabawa madogo na mdomo mrefu unaoning'inia. Hutembea watatu watatu, hupenda pombe, na biashara yao ni moja: kuuza habari. Wanajua nani amepita wapi na nani anadaiwa na nani. Bei yao haishuki, na kila habari wanayoitoa inakatwa vipande ili mnunuzi arudi tena.

Walitokea kwa mara ya kwanza katika kitabu hicho cha mwaka 1975 wakiwa wasaidizi wa muda tu. Mkazi yeyote wa mji mkubwa angewatambua mara moja, kwa kuwa kila kituo cha mabasi na kila soko lina watu wa namna hiyo, wasio na ofisi wala cheo, ambao bila wao shughuli haziendi. Waandishi waliwarudisha katika vitabu vilivyofuata, wakawa marafiki wasiokauka wa Laureline. Mwaka 2017, mwandishi Wilfrid Lupano na mchoraji Mathieu Lauffray walitoa kitabu kizima chenye jina linalotokana na viumbe hao, Shingouzlooz Inc.

Mwingine ni yule mnyama mdogo anayebebwa na Laureline katika safari yake, ambaye jina lake la Kifaransa lina maana ya Mnung'unikaji wa Bluxte. Mnyama huyo akimezeshwa sarafu au kito kimoja, mwili wake huzalisha nakala nyingi za kitu hicho. Kwa maneno mengine, ni benki ya kubebeka. Lakini ni benki inayochoka, inayokasirika na inayotaka kubembelezwa.

Werevu wa Christin unaonekana hapo. Katika kituo chenye maelfu ya jamii hakuwezi kuwa na fedha moja. Swali la jinsi Laureline atakavyolipa madeni yake katika kila mtaa lingeweza kuachwa bila jibu, kama inavyofanywa katika hadithi nyingi za angani. Waandishi waliamua kulijibu, na jibu lao likawa kiumbe mwenye tabia zake, ambaye wasomaji wanamkumbuka hadi leo.

Wageni walio wenye nyumba

Miaka mitatu kabla ya Balozi wa Vivuli, Christin na Mézières walikuwa wameshaonyesha upande mwingine wa suala la ugeni. Katika kitabu Bienvenue sur Alflolol, yaani Karibuni Alflolol, cha mwaka 1972, Dunia inamiliki sayari yenye viwanda vingi iliyoipa jina la Technorog. Siku moja wanawasili viumbe wakubwa, wapole, wanaoishi maelfu ya miaka. Wanasema wametoka matembezini na sasa wanarudi kwao. Sayari hiyo ni nyumba yao, na jina lake ni Alflolol. Kwao matembezi hayo yalikuwa mafupi. Kwa binadamu ulikuwa muda wa kutosha kuweka mitambo kila mahali.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hadithi hii swali linakuja kwa ukali: nani mgeni, na nani mwenyeji? Utawala wa Technorog unaona viumbe hao ni usumbufu. Unawatengea eneo lao, kisha unawataka wafanye kazi viwandani ili wapate chakula. Mtu aliyewahi kusoma historia ya wenyeji wa asili wa Marekani na maeneo waliyotengewa hahitaji maelezo zaidi, na ni vigumu kutokumbuka kwamba waandishi wote wawili walikuwa wameishi katika majimbo ya magharibi ya nchi hiyo. Tangu mwanzo, Laureline anasimama upande wa wenye sayari. Valérian, askari mtiifu, ndiye anayesitasita.

Nyuso zinazojulikana

Umati wa Valérian una pia nyuso ambazo msomaji makini anazitambua. Ni desturi ya zamani ya wachoraji kuwaficha watu halisi ndani ya michoro yao, na Mézières aliitumia kwa ucheshi.

Katika kitabu La Cité des eaux mouvantes, kilichochapishwa mwaka 1970 na ambacho kinauchora mji wa New York ukiwa umefunikwa na maji mwaka 1986 baada ya barafu ya Ncha ya Kaskazini kuyeyuka, yumo mwanasayansi aitwaye Schroeder. Sura yake ni ya Jerry Lewis, mchekeshaji wa Marekani, kama alivyoonekana katika filamu ya mwaka 1963 alimocheza mwanakemia mwenye haya na meno ya mbele yaliyojitokeza. Katika kitabu cha mwaka 1985 kuhusu sayari ya Hypsis, mmoja wa wakuu wa sayari hiyo amechorwa kwa sura ya mwigizaji na mwongozaji Orson Welles.

Mbinu hiyo ina faida mbili. Msomaji anayeitambua sura anafurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa ugenini. Asiyeitambua hapotezi kitu, kwa sababu hadithi inaendelea bila kusimama kumwonyesha kidole. Sura ya kuazima ikianza kupiga kelele ili itambuliwe, utani unakufa. Mézières alilijua hilo, na ndiyo maana nyuso zake za kuazima zimekaa mahali pake kama wahusika kamili.

Msichana aliyetakiwa kuondoka

Mfano mkubwa kuliko yote wa mhusika wa pembeni aliyekuja mbele ni Laureline mwenyewe. Katika hadithi ya kwanza ya mwaka 1967, Valérian anarudi nyuma hadi karne ya 11 na kukutana na msichana wa kijijini anayemwokoa msituni. Msichana huyo alibuniwa kwa hadithi hiyo moja tu. Wasomaji wa Pilote walimpenda, na waandishi wakambakiza.

Kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuwa na akili, ujasiri na msimamo kuliko askari aliyemchukua. Mwaka 2007, mfululizo ulipotimiza miaka 40, jina lake lilibadilishwa rasmi na kuwa Valérian et Laureline. Jina hilo la Laureline, lililobuniwa na waandishi hao, limekwisha kupewa watoto wa kike halisi nchini Ufaransa.

Baa moja, wateja wa aina mbili

Mwaka 1977 filamu ya Star Wars ya George Lucas ilianza kuonyeshwa. Mojawapo ya sehemu zake zilizopata umaarufu mkubwa ni ile ya baa iliyojaa viumbe wa kila umbo wakinywa na kupiga soga. Wasomaji wa Valérian waliiona kwa mshangao. Kadiri filamu zilizofuata zilivyotoka ndivyo orodha ya mfanano ilivyorefuka. Mfano mmoja unaotajwa mara nyingi ni wa watawala wenye kofia za chuma katika kitabu cha mwaka 1971, L'Empire des mille planètes, ambao chini ya kofia zao wana nyuso zilizoungua. Mwaka 1983 watazamaji walimwona Darth Vader akivuliwa kofia yake.

Lucas hajawahi kutangaza hadharani kwamba alichukua chochote kutoka Valérian, na wapo wanaosema kuwa pande zote mbili zilinywa katika kisima kimoja cha hadithi za zamani za anga. Inajulikana hata hivyo kwamba Doug Chiang, aliyeongoza kazi ya usanifu wa michoro ya filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, alikuwa na vitabu vya Valérian katika maktaba yake.

Mézières hakwenda mahakamani. Alijibu kwa kalamu. Mwaka 1983 alichora kwa ajili ya Pilote picha ya Luke Skywalker na Princess Leia wakikutana na Valérian na Laureline katika baa moja ya angani, huku viumbe wa hadithi zote mbili wakiwa wamewazunguka. Leia anaonyesha mshangao kwa kuwakuta mahali hapo. Laureline anamjibu kwamba wao wamekuwa wakifika hapo tangu siku nyingi. Madai yote yamo katika picha hiyo moja, na mashahidi wake ni wale walioketi meza za nyuma.

Kutoka kurasani hadi kwenye sinema

Deni jingine lilikiriwa wazi. Luc Besson, mwongozaji wa filamu wa Ufaransa aliyesoma Valérian tangu utotoni, alimwita Mézières mwanzoni mwa miaka ya 1990 kusaidia kubuni mji wa siku zijazo kwa ajili ya filamu ya The Fifth Element. Mradi ulipokwama kwa muda, mchoraji alirudi kwenye katuni zake na mwaka 1994 akachapisha kitabu chenye dereva wa teksi inayoruka. Besson alipoiona teksi hiyo alibadilisha kazi ya shujaa wake. Filamu ilipotoka mwaka 1997, Bruce Willis alikuwa dereva wa teksi ya angani.

Hatimaye, Julai 2017, Besson alitoa filamu ya Valérian yenyewe, ikiwa miongoni mwa filamu zenye gharama kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Ulaya. Wale madalali watatu wa habari wamo, ingawa kwa jina jingine. Mnung'unikaji naye yumo, na amepewa nafasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo kitabuni. Kwa upande wa umati, hakuna kilichopungua: kituo cha angani kina jamii kwa maelfu.

Filamu hiyo inaanza kwa tukio la kweli la Julai 1975, pale wanaanga wa Marekani na wa Muungano wa Kisovyeti walipopeana mikono angani. Kisha mikono inaendelea kupeanwa, kwanza kati ya mataifa ya Dunia, baadaye kati ya binadamu na viumbe wa kila aina. Ni ufunguzi uliosifiwa na wengi. Filamu yenyewe haikupata mapato yaliyotarajiwa, hususan katika soko la Marekani.

Lakini msomaji wa zamani anaona tofauti moja isiyohusu fedha. Katika filamu, kituo kilianzishwa na binadamu, na wengine walikaribishwa. Katika kitabu cha mwaka 1975, kituo ni cha wote, na binadamu ni mmoja wa waliofika, tena anayeshukiwa. Umati ni ule ule. Aliyebadilika ni mwenye nyumba. Na hilo ndilo lililokuwa kiini cha kazi ya Christin na Mézières.

Urithi

Mwaka 1991 waandishi hao walitoa kitabu Les Habitants du ciel, ambacho ni orodha ya maelezo na picha ya viumbe na jamii za hadithi zao. Kilifuatiwa na kingine mwaka 2000. Ni waandishi wachache wanaoweza kuwapa wapita njia wao kitabu chao wenyewe na kikapata wasomaji.

Mézières, aliyetunukiwa tuzo kuu ya tamasha la katuni la Angoulême mwaka 1984, alifariki dunia Januari 2022. Christin alimfuata Oktoba 2024. Waliacha nyuma zaidi ya vitabu 20 na anga iliyojaa watu wa ajabu ambao hawakuumbwa ili washindwe na shujaa.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, ushauri ni mwepesi. Asome hadithi mara moja kwa ajili ya Valérian na Laureline. Kisha arudi ukurasa wa kwanza, asiwatazame tena hao wawili, na awafuate wale wanaopita nyuma yao.